Wafalme wa Ulaya na Urithi wa Binti

Wenzangu bwenini wananiita "Malkia". Sababu yake ni kwamba tangu nilipokuwa darasa la nne nafuata habari za nyumba za kifalme za Ulaya. Ninalo daftari nilimobandika picha nilizokata magazetini, nami naweza kuwataja warithi wa viti vya enzi vya Uingereza, Uhispania, Uholanzi, Ubelgiji, Denmark, Norway na Sweden bila kutazama popote. Wengi wananiuliza: Msichana wa Kikurya kutoka Nyangoto anapata faida gani katika mambo hayo? Swali hilo ni la haki, nami napenda kulijibu.

Wanaonipinga wana hoja mbili. Ya kwanza, nchi yetu ni jamhuri, na hata machifu waliondolewa madaraka yao kwa sheria mwaka 1963. Ya pili, Wakurya tangu asili hatukuwa na mfalme. Mambo yetu yaliamuliwa na wazee wa koo na marika. Yote mawili ni kweli, wala mimi sitamani tuwe na mfalme. Ninachokitazama katika nyumba hizo ni jambo lililoko katika kila mji hapa kwetu: baba akiondoka duniani, nani anarithi?

Tazameni Sweden. Binti Victoria alizaliwa mwaka 1977. Mwaka 1979 akazaliwa mdogo wake wa kiume, Carl Philip, naye ndiye aliyekuwa mrithi. Lakini tarehe 1 Januari 1980 ilianza sheria mpya kwamba mtoto wa kwanza ndiye mrithi, awe wa kiume au wa kike. Mtoto wa miezi saba akavuliwa cheo, na dada yake akapewa. Baba yao, Mfalme Carl Gustaf, amekwisha kusema wazi kwamba hakupendezwa na jambo hilo, lakini Bunge lilikuwa limeamua. Uholanzi ilifuata mwaka 1983, Norway 1990, Ubelgiji 1991, na Denmark 2009 kwa kura ya wananchi wote.

Uingereza ilipitisha sheria yake mwaka 2013. Malkia Elizabeth wa Pili, aliyepata habari za kifo cha baba yake akiwa Kenya mwezi Februari 1952, alitawala miaka 70 kwa sababu tu hakuwa na ndugu wa kiume. Angalimpata hata mmoja, tusingalimjua kama malkia. Leo kitukuu wake Charlotte, aliyezaliwa 2015, hakupitwa na mdogo wake Louis, aliyezaliwa 2018. Hispania peke yake katika hizo saba bado inamtanguliza mtoto wa kiume. Binti Leonor ni mrithi kwa kuwa ana mdogo wa kike tu.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya peke yake. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan wa Unguja, aliondoka kwao mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani, akabatizwa jina la Emily. Mumewe alikufa mwaka 1870 na kumwachia watoto wadogo. Mwaka 1885 alirudi Unguja kudai urithi wake kwa ndugu yake, Sultani Barghash. Hakupewa alichodai, akarudi Ujerumani. Ikiwa binti wa sultani aliweza kukosa, itakuwaje kwa binti wa mkulima?

Sasa nije nyumbani. Kwetu ng'ombe wa mahari ya dada ndio wanaomwoza kaka, lakini boma likigawanywa dada hahesabiwi. Kanuni za sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 ziliwapanga warithi katika madaraja matatu, na mabinti wakawekwa katika daraja la mwisho. Hata desturi yetu ya nyumba ntobhu, ambayo mama asiye na mtoto wa kiume huoa msichana, inaonyesha kwamba wazee walijua nyumba ya mwanamke yaweza kusimama. Ila shabaha yake ni kupata mwana wa kiume wa kuirithi. Na Nyangoto si mahali pa mchezo. Tuko karibu na mgodi wa dhahabu, na kipande cha ardhi kinaweza kulisha au kuvunja ukoo.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza, na nyuma yangu wako wasichana wawili na mvulana mmoja. Ninampenda mdogo wangu, wala sitaki anyang'anywe kitu. Ninataka tuhesabiwe wote wanne.

Watu husema mila haigeuzwi. Lakini nyumba za kifalme zimejengwa juu ya mila tupu, nazo zimegeuza. Hapa nchini, mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza iliamua katika kesi ya Holaria Pastory kwamba mwanamke wa Kihaya alikuwa na haki ya kuuza shamba alilorithi, sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo imempa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi. Kinachobaki ni sisi wenyewe majumbani.

Kwa hiyo nawaomba wazazi watakaosoma gazeti hili, na baba yangu akiwa mmoja wao: andikeni wosia mngali na nguvu, mbele ya mashahidi, na majina ya mabinti yawemo. Nawaomba walimu watupe mjadala juu ya jambo hili muhula ujao. Na mwenzangu mwenye maoni mengine na ajibu katika toleo lijalo; nitamsoma kwa heshima.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Nyangoto