Fundi wa Umeme Naye Ana Haki ya Kuelezwa kwa Kiswahili

Wapo wenzetu wanaoshikilia hadi leo kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi, mahubiri na siasa, na kwamba mambo ya sayansi na ufundi hayana budi kuachiwa Kiingereza. Hoja hiyo hutolewa katika kumbi za mihadhara na vyumba vya walimu kana kwamba haihitaji ushahidi. Msema pweke hakosi. Leo nataka kuipima hoja hiyo kwa kifaa kimoja kidogo ambacho mafundi hukiita ripita, kifungwacho kwenye nyaya za umeme ili kusaidia nyumba inayojiendesha.

Nyumba inayojiendesha ni ile ambayo taa, feni au kengele hupokea amri kutoka mbali badala ya kungoja mkono wa mtu kwenye swichi. Mnamo 1975, wahandisi wa kampuni ya Pico Electronics katika mji wa Glenrothes, Scotland, walianza kubuni utaratibu ulioitwa X10, ambao uliingia katika maduka ya Marekani mwaka 1978. Sifa yake kuu ni kwamba hauhitaji waya mpya. Amri husafiri katika nyaya zile zile zinazowasha taa.

Hilo huwezekanaje? Umeme wa majumbani hubadili mwelekeo wake tena na tena, na kila unapobadilika, volti hupita kwenye sufuri. Marekani, ambako umeme una masafa ya hezi 60, jambo hilo hutokea mara 120 kwa sekunde. Kwetu, penye hezi 50, hutokea mara 100. Katika nukta hiyo ya utulivu, mtambo hupenyeza wimbi dogo la kilohezi 120 kwa muda wa milisekunde moja. Wimbi likiwapo, hiyo ni moja. Lisipokuwapo, hiyo ni sufuri. Mfululizo wa moja na sufuri huunda anwani, kisha amri. Herufi ni 16, kuanzia A hadi P, na nambari ni 16, hivyo basi anwani zote ni 256. Taa iliyoitwa huitika, zilizosalia hunyamaza.

Tatizo ni kwamba ishara hizi hufifia. Nyumba nyingi za Marekani hupokea umeme kwa nyaya mbili za moto, yaani zenye umeme, pamoja na waya wa nyutro. Kila waya wa moto una volti 120 ukipimwa na nyutro, na baina ya hizo mbili kuna volti 240. Ishara iliyotumwa kwenye waya wa kwanza aghalabu hulazimika kutoka nje hadi kwenye transfoma ya mtaa ndipo ifike kwenye waya wa pili, nayo hufika ikiwa hoi. Ndiyo maana baadhi ya wenye nyumba huko walistaajabu kuona taa fulani ikitii tu wakati jiko la umeme limewashwa. Jiko hilo hutumia nyaya zote mbili za moto, hivyo ishara ilipata daraja la kuvukia. Aidha, runinga na tarakilishi huweza kuinyonya ishara au kuifunika kwa kelele.

Hapo ndipo ripita huingia. Hufungwa karibu na kisanduku cha swichi kuu na kuunganishwa na nyaya mbili za moto na nyutro, kupitia swichi yake ya usalama inayokata nyaya zote mbili za moto kwa pamoja. Kila amri ya X10 hutumwa mara mbili mfululizo. Ripita husikiliza mara ya kwanza, na amri inapotumwa mara ya pili, huitamka sambamba nayo, kwa nguvu mpya, kwenye nyaya zote mbili.

Msomaji amefuata maelezo hayo bila ya kuhitaji sentensi moja ya Kiingereza. Ni kweli nimetumia maneno ya mkopo kama vile volti, hezi na transfoma. Lakini volti imetokana na jina la Mwitaliano Alessandro Volta, na hezi na jina la Mjerumani Heinrich Hertz. Kiingereza nacho kilikopa majina hayo, na hakuna aliyekitangaza kuwa lugha maskini.

Tugeukie jina la kifaa chenyewe. Wako ambao wangekiita kirudishi. Jina hilo lina kasoro, kwa kuwa kurudisha ni kupeleka kitu kilikotoka, ilhali kifaa hiki hupeleka ujumbe mbele. Wengine wangekiita kikuza ishara. Hilo nalo halitoshi. Kikuza hukuza kila kinachopita ndani yake, ishara na kelele pamoja. Ripita hutambua kwanza kwamba ilichosikia ni ishara, kisha huitamka upya. Napendekeza tuiite kikariri ishara, maadamu kukariri ni kusema tena maneno yale yale kwa mpangilio ule ule. Atakayelipinga jina hili ana ruhusa, mradi alete jina linaloeleza kazi ya kifaa. Tulipoteza miaka mingi tukizozana iwapo mashine ile ni kompyuta, tarakilishi au ngamizi, huku tukiwaandikia wanafunzi machache mno kuhusu namna inavyofanya kazi.

Nalitaja jambo hilo kwa sababu istilahi pekee haimwokoi mtu. Chukua fundi wetu aliyeletewa kikariri kilichotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani. Kijitabu cha Kiingereza kinamwagiza aunganishe nyaya mbili za moto. Nyumba nyingi za Kenya huletewa waya mmoja tu wa moto, wa volti 240, hivyo shida ile ya kuvuka kutoka waya hadi waya haipo. Lakini katika jengo kubwa lenye fezi tatu, fundi ataziona nyaya za moto zaidi ya moja na huenda akadhani ndizo zilizotajwa. Baina ya fezi mbili za Kenya kuna volti zipatazo 415, ilhali kifaa kile kiliundwa kwa volti 240. Fundi huyo atakuwa ametii kila neno la kijitabu, naye atakiunguza kifaa au kuhatarisha maisha. Kilichomponza ni kukosa maelezo ya sababu, katika lugha anayoifikiria.

Sisemi kwamba leseni ya fundi haina maana. Kazi ya kufungua kisanduku cha swichi kuu ni ya fundi aliyeidhinishwa, wala mwanafunzi asijaribu. Ninachosema ni kwamba leseni humpa mtu ruhusa, nayo lugha humpa uelewa, na umeme hautofautishi mwenye leseni na asiye nayo.

Sheria tunazo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa aliyonunua. Ukivisoma vifungu hivyo viwili pamoja, utauliza kama nilivyouliza mimi: habari iliyoandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi na fundi wake hawaielewi vizuri, je, imetolewa kweli?

Kwa hiyo nina ombi kwa makundi matatu. Waagizaji wa vifaa vya umeme waambatanishe maelezo ya Kiswahili yaliyoandikwa na mtu anayekijua kifaa, si aliyetafsiri neno kwa neno. Vyuo vya kiufundi viwaruhusu wanafunzi kueleza kwa Kiswahili sababu ya kila hatua, hata kama mtihani watauandika kwa Kiingereza. Nao walimu wa Kiswahili katika shule za upili, wanapofundisha insha ya maelezo, wawape wanafunzi mada za aina hii: eleza namna mita ya umeme inavyohesabu, au namna swichi ya usalama inavyokata umeme. Mwalimu wa fizikia aalikwe asahihishe ukweli wa maelezo, naye mwalimu wa Kiswahili asahihishe lugha.

Mwanafunzi anayelijua neno la Kiingereza pasi na kulielewa ni kama kikuza: hupaza alichosikia, kelele na yote. Tumfunze atambue kwanza kilichosemwa, ndipo akitamke upya kwa lugha yake.