Barbaro alililiwa, wengine je?

Wadau, kuna watu hadi leo wanacheka wakisikia Wamarekani walimlilia farasi. Mimi sicheki, ila nina swali.

Barbaro alishinda Kentucky Derby Mei 2006. Wiki mbili baadaye, kwenye mbio za Preakness huko Baltimore, mguu wa nyuma ukavunjika vipande zaidi ya 20, laivu kwenye TV! Kwa kawaida farasi akiumia vile anachomwa sindano, basi. Huyu akakimbizwa hospitali, akauguzwa miezi minane. Watu wakatuma maua, kadi, hata karoti. Taarifa za afya yake zikatoka utadhani rais kalazwa. Januari 29, 2007 kwato zikawa zimeharibika mno, wenyewe wakakubali apumzishwe.

Wapo wanaosema machozi yale yangewafaa askari waliokuwa wanakufa Iraq. Hoja nyepesi hiyo, kwani mtu kapewa ndoo moja tu ya machozi?

Kinachonikera ni kingine. Takwimu za Jockey Club za 2009 zilionyesha vifo 2 kwa kila mara 1,000 farasi alipoingia mbioni. Hao nani kawapelekea karoti? Vyombo vya habari viliuza hadithi ya mgonjwa shujaa, mchezo wenyewe ukaponea hapo. Hadi Mei 2008, Eight Belles alipovunjika miguu yote miwili ya mbele baada ya kumaliza wa pili kwenye Derby, akauawa pale pale uwanjani. Mwezi uliofuata ndipo kamati ya Bunge la Marekani ikawaita wenye mchezo wajieleze.

Barbaro ana sanamu nje ya uwanja wa Churchill Downs tangu 2009. Wadau mnasemaje?