Bibu ya leso kuukuu ina mafunzo

Wakati wa kazi za mradi uwadiapo shuleni, wazazi huhangaika madukani wakitafuta vitambaa vipya, gundi na karatasi za rangi. Aghalabu kazi yenyewe hufanywa na mzazi usiku, mwanafunzi akiwa usingizini, na ikishatiwa alama huishia jaani. Yule ambaye mzazi wake hana fedha hufika darasani mikono mitupu, akaona haya mbele ya wenzake.

Tuna rai kwa walimu. Waagizeni wanafunzi, wavulana kwa wasichana, washone bibu, yaani kile kitambaa afungwacho mtoto shingoni anapolishwa uji. Sharti liwe moja: kisinunuliwe kitambaa. Ni nadra kukosa nyumbani leso iliyochakaa, taulo lililotoboka au fulana isiyomtosha mtu tena.

Nguo kuukuu si duni kwa kazi hii. Pamba iliyofuliwa mara nyingi hulainika, isikwaruze shingo changa. Leso hufaa upande wa mbele, na taulo nyuma ili linyonye mate na uji. Mwanafunzi huchora umbo juu ya gazeti la zamani, akitumia kisahani kupata duara la shingo. Hapo hisabati imeingia. Hukata vipande viwili, akavilaza pamoja pande za nje zikitazamana, akashona ukingoni na kuacha nafasi ya vidole vitatu, kisha akapindua na kuiziba nafasi hiyo. Sindano na uzi vyatosha.

Afya nayo ina nafasi yake. Nguo ifuliwe kwa maji moto kabla ya kukatwa. Isitiwe shanga wala vishikizo vidogo, ambavyo mtoto aweza kuving'oa na kuvimeza. Kamba ziwe fupi, na bibu ivuliwe mtoto anapolala, isije ikamkaba.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, sayansi kimu na kazi za mikono zilitahiniwa katika shule za msingi. Masomo ya mtihani yalipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, sindano zilitoweka katika madarasa mengi, kwani kisichotahiniwa hakifundishwi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umeirudishia mikono ya mwanafunzi heshima yake. Hata hivyo, umilisi haununuliwi dukani, wala mzazi hawezi kumpatia mwanawe kwa kumshonea.

Wapo watakaodai kuwa kushona matambara ni kuwafunza watoto umaskini. La hasha! Umaskini ni kutupa kitu chenye manufaa kwa kutojua la kukifanyia. Wahenga walinena kuwa akiba haiozi, na leso kuukuu ni akiba.

Twapendekeza alama zisitolewe siku bibu inapoletwa. Apewe kwanza mtoto wa nyumbani au wa jirani, aitumie, ifuliwe mara tatu, ndipo irejeshwe kwa mwalimu. Mshono uliofumka utamwonyesha mwanafunzi kosa lake bila ya kukaripiwa, naye atashona upya. Ule uliodumu utampa fahari ambayo fedha za mzazi haziwezi kuinunua. Mbele ya tambara, mtoto wa tajiri na wa maskini huanza sawa.