Pikapu Haiwaki? Pima Moto Kwanza, Spea Baadaye

Leo naweka kando mbolea na viuatilifu, nataka tuongee kuhusu pikapu. Najua kuna mtu atasema, "Bwana shamba, hayo ni mambo ya gereji, sisi tufundishe kilimo." Sawa. Lakini nyanya zikishachumwa na kujaa kwenye matenga, halafu gari halitoki shambani, hicho kilimo biashara kiko wapi? Nyanya iliyoiva haimsubiri fundi.

Msimamo wangu ni huu: kijana anayelima kwa biashara na ana pikapu ya zamani ya petroli, lazima ajue kupima moto wa plagi mwenyewe. Kutengeneza anaweza kumwachia fundi. Kupima ajue.

Nasema hivi kwa sababu ya ninayoyaona. Msimu uliopita pikapu ya kijana mmoja ninayemhudumia iligoma ghafla. Stata inazungusha vizuri, injini haishiki. Fundi akasema plagi, zikanunuliwa. Ikagoma. Akasema koili, ikanunuliwa. Ikagoma. Siku ya tatu wakaanza kutafuta distribyuta nzima. Kumbe panya wa ghala la mahindi alikuwa ametafuna waya unaopeleka umeme kwenye koili. Waya tu! Wakati huo nyanya zilishauzwa hapo hapo kijijini kwa bei ya kutupa.

Huo ni ugonjwa uleule tunaoupigia kelele shambani. Mtu anaona nyanya zimenyauka, anakimbilia dawa ya ukungu. Kama ni mnyauko bakteria, hiyo dawa haisaidii kitu. Ndiyo maana nawaambia kateni kipande cha shina, kiwekeni kwenye glasi ya maji safi. Ukiona ute mweupe kama maziwa unashuka, umeshajua adui ni bakteria. Pikapu nayo ina glasi yake ya maji. Inaitwa taa ya kupimia, na kwa kawaida bei yake haifiki tenga moja la nyanya.

Sasa twende kwa hatua. Kama gari lako ni la dizeli, hapa hupo, maana dizeli haina plagi za kutoa cheche.

Kwanza, hakikisha betri ina nguvu. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu volti 12.6 gari likiwa limezimwa. Stata ikizungusha kwa uvivu, anzia hapo kabla hujalaumu kitu kingine.

Pili, toa plagi moja, ichomeke kwenye waya wake, kisha laza chuma chake kiguse injini, mbali na tundu ulikoitoa. Shika kwa koleo lenye mpira, usishike kwa mkono, maana hapo kuna maelfu ya volti. Kama kuna petroli imemwagika au inanuka, acha kwanza. Mwenzako azungushe stata. Ukiona cheche ya bluu yenye nguvu, plagi hiyo inapata moto. Rudia kwa nyingine, na zote zikiwa hivyo, angalia mafuta au taimingi. Usipoona kitu, endelea.

Tatu, chomoa waya mnene wa katikati ya kepu ya distribyuta, ule unaotoka kwenye koili. Sogeza ncha yake karibu na chuma cha injini, nafasi ya milimita 5 hivi, kwa koleo lilelile, stata izungushwe. Cheche ikiruka hapo wakati kwenye plagi hakuna, koili yako ni nzima. Shida iko mbele yake: kepu imepasuka au ina unyevu, rota imeungua, au waya za plagi zimechoka. Kuna asubuhi za ukungu ambazo kitambaa kikavu tu kinatosha kumaliza kesi.

Nne, kama hata hapo hakuna cheche, washa swichi na uguse taa ya kupimia upande wa chanya wa koili. Isipowaka, umeme haufiki: kagua fyuzi, swichi na waya. Hapa ndipo panya wetu angekamatwa siku ya kwanza, bila kununua chochote. Ikiwaka hafifu usishtuke, baadhi ya magari yana kipunguza umeme hapo katikati.

Tano, hamisha taa upande wa hasi wa koili, stata izungushwe. Taa ikipepesa, pointi au ignita inakata umeme vizuri, kwa hiyo mshukiwa ni koili. Ikiwaka bila kupepesa, pointi hazifungi au ignita haifanyi kazi. Isipowaka kabisa, pointi hazifunguki, kondensa imeshoti, au koili imekatika ndani. Fungua kepu uangalie kama rota inazunguka. Isipozunguka, acha kabisa kupiga stata na ita fundi, huenda cheni au mkanda wa taimingi umekatika. Na usiache swichi imewashwa muda mrefu injini ikiwa imezima, utaunguza koili na pointi.

Kazi yote hiyo haimalizi saa moja.

Kuna wanaonipinga, wanasema kila mtu abaki na kazi yake. Hoja hiyo naiheshimu, na fundi mzuri ni mali. Ila fundi mzuri naye hupima. Ukimpigia simu ukamwambia, "Chanya ya koili ina umeme, hasi haipepesi," atakuja na spea inayohusika, na atajua anaongea na mtu anayeelewa. Ukimwambia tu "gari haiwaki," umempa ruhusa ya kubahatisha kwa hela yako. Tena spea za bandia zimejaa. Ukifunga koili mpya iliyo mbovu bila kupima, utaamini koili haikuwa tatizo, na safari ya kubahatisha inaanza upya.

Tunaandika kumbukumbu za mbegu, dawa na vibarua. Andika na za gari: umepima nini, umekuta nini, umebadilisha nini. Mwisho wa msimu ndipo utaona pikapu inakula faida kiasi gani.

Kwa hiyo kabla ya mavuno yajayo, tafuta siku gari likiwa zima, ukae nalo na taa yako ya kupimia, ujifunze linavyosoma likiwa na afya. Siku likiugua utaona tofauti. Msimu mwema.