Kelele za ndege: usinunue wastani

MWEKEZAJI makini akipewa makisio ya faida ya kampuni hatazami tarakimu ya mwisho peke yake. Huuliza mauzo yamekisiwa kwa bei gani, riba ni kiasi gani, na nani ameyaandaa. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo akitafuta nyumba au kiwanja karibu na uwanja wa ndege, huonyeshwa ramani ya utabiri wa kelele, akaona yuko nje ya mstari, akatoa fedha. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Yaliyotokea Sydney, Australia, yanatufundisha. Novemba 1994 uwanja wa huko ulifungua njia ya tatu ya kurukia ndege. Ramani za kelele za nchi hiyo huchorwa kwa kipimo kiitwacho ANEF. Kipimo hiki huchanganya ukali wa kelele na idadi ya ndege katika siku ya wastani ya mwaka, na ndege ya kati ya saa 1 jioni na saa 1 asubuhi huhesabiwa kama ndege 4. Kwa kanuni za huko, chini ya 20 ujenzi wa nyumba unakubalika. Juu ya 25 haukubaliki.

Ndege zilipoanza kupita, malalamiko yalifurika kutoka vitongoji vya kaskazini, na wengi wa waliolalamika walikuwa nje ya mstari wa 20. Mwaka 1995 kamati ya Seneti ililazimika kuchunguza suala hilo.

Tatizo kubwa halikuwa kujumlisha na kutoa. Kwa kipimo cha aina hii, ndege zikiongezeka kutoka 100 hadi 200 kwa siku, tarakimu hupanda kwa pointi 3 tu. Lakini mkazi hasikii pointi 3. Anasikia ndege 100 zaidi. Aidha, hakuna anayeishi katika siku ya wastani. Upepo ukielekea huku, siku nzima ni kimya. Ukigeuka, ndege hupita mfululizo juu ya paa.

Kisha siasa ikaingia. Machi 1996 serikali ilibadilika, na njia za angani zikapangwa upya ili kelele zigawanywe kwa vitongoji vingi zaidi. Aliyenunua nyumba kwa kuamini ramani ya zamani alikuta msingi wake umefutwa kwa amri.

Kwa wafanyabiashara hili si suala la usingizi tu, kwani mstari ule hugawa fedha. Nyumba zilizokuwa juu ya 30 ziligharimiwa kazi ya kuzuia sauti, na gharama zikarudishwa kwa tozo ya kelele. Zilizozidi 40, huko Sydenham, serikali ilijitolea kuzinunua. Aliyekuwa ng'ambo ya mstari, hata kama ni kwa upana wa barabara moja, alibaki na kelele zake.

Ni kweli kwamba wapangaji miji wanahitaji tarakimu moja ya kuamulia, na wastani unawasaidia. Hata hivyo, mnunuzi ana mahitaji mengine. Mwaka 2000 idara ya uchukuzi ya Australia yenyewe, katika waraka wa mjadala, ilieleza kasoro za kuwapa wananchi wastani pekee, ikaonyesha njia iliyo wazi zaidi: kutaja idadi ya ndege zinazozidi desibeli 70 kwa siku.

Kwa hiyo, msomaji anayefikiria mali iliyo karibu na uwanja wowote wa ndege, uwe mkubwa au mdogo, auachie mstari nafasi yake na aulize mambo manne. Ni ndege ngapi zitapita juu ya paa hili kwa siku? Saa zipi? Zitatumia njia ipi ya kurukia? Na nani ana mamlaka ya kuyabadili hayo baada ya mimi kulipa? Muuzaji akishindwa kujibu, na bei yake ishuke.