Nyumba na Bustani: Maji Yapimwe Kabla ya Kumwagwa

Mvua za mwisho zikiisha kupita, nchi ya Lubumbashi yabadili uso wake. Tangu mwezi wa Mei hata mwisho wa Septemba mvua ni kama hakuna, na mnamo Oktoba watu bado waitazama mbingu. Mavumbi mekundu yapanda, majani ya njiani yakauka, na katika jamaa nyingi lasikika swali moja: Tufanye nini ili bustani isife? Mwenye bomba ataka mpira mrefu zaidi. Asiye na bomba aongeza bidoni nyingine kichwani pa mtoto. Sisi twasema: kabla ya kununua, na kabla ya kumtuma mtoto, tupime.

Hesabu yenyewe si ngumu. Maji ya kimo cha milimita 1, yakienea juu ya meta 1 ya mraba, ni lita 1 kamili. Wakati wa kiangazi mboga zahitaji kama lita 4 mpaka 6 kwa kila meta ya mraba kila siku, tushike 5. Basi tuta lenye upana wa meta 1 na urefu wa meta 10 lataka lita 50. Jamaa yenye matuta sita ya lengalenga, nyanya na vitunguu yahitaji lita 300, ndizo bidoni 15 za lita 20. Kila bidoni ni kilo 20. Nani atazibeba?

Sisi walimu twajua jibu, kwa maana twaliona asubuhi. Msichana afika kengele imekwisha kulia, nguo ya shule imelowa maji, shingo yamuuma, naye asinzia juu ya daftari lake. Bustani yamlisha, ni kweli. Lakini yamnyang'anya somo. Kwa hiyo kutengeneza vizuri njia ya maji bustanini si anasa ya matajiri. Ni jambo la haki ndani ya nyumba.

Sasa tutazame maji yapoteapo. Anayemwaga saa sita mchana, jua likiwa kali, alipa jua na upepo sehemu yao kwanza. Anayemwaga kwa nguvu juu ya udongo mgumu aona maji yakikimbia njiani kabla hayajaingia. Na anayelowesha mapito katikati ya matuta anyweshea magugu. Mmea haunywi kwa majani yake; wanywa kwa mizizi. Mwagilia asubuhi na mapema, polepole, karibu na shina, kisha funika udongo kwa majani makavu. Samadi iliyooza vizuri yasaidia pia, kwa maana udongo wenye samadi hushika maji muda mrefu zaidi.

Mwenye bomba na apime nguvu yake. Weka bidoni ya lita 20 chini ya koki na uhesabu dakika. Ikijaa kwa dakika 2, bomba latoa lita 10 kila dakika. Basi anayesimama na mpira nusu saa amekwisha kumwaga lita 300, hata kama adhani amenyunyiza kidogo tu. Hesabu hii peke yake yatosha kupunguza malipo ya maji katika nyumba nyingi.

Njia iliyo bora kwa mboga ni ile ya matone. Katika miaka ya 1930 mhandisi Simcha Blass, katika nchi ambayo leo ni Israeli, aliona mti mmoja umestawi kuliko wenzake, kumbe karibu na mizizi yake bomba lilikuwa likivuja tone kwa tone. Alilishika wazo hilo miaka mingi, na mwaka 1965 wanakijiji wa Hatzerim walianza pamoja naye kazi ya kutengeneza mipira ya namna hiyo. Wahenga wetu walikwisha kusema: Haba na haba hujaza kibaba.

Jinsi ya kuifanya nyumbani ni hivi. Kwanza, tafuta pipa la lita 200, ulikalishe juu ya matofali, kimo cha meta 1. Jukwaa liwe imara, kwa maana pipa likijaa lina kilo 200 na zaidi, nalo likianguka laweza kumwua mtoto. Pili, weka chujio penye tundu la kutokea maji, ili mchanga usizibe matundu madogo. Tatu, laza mipira miwili ya matone juu ya kila tuta, yenye tundu kila sentimeta 30. Mipira miwili ya meta 10 ina matundu kama 66. Kila tundu likitoa lita 1 kwa saa, tuta lapata lita zake 50 kwa muda wa dakika 45 hivi.

Usikubali hesabu ya karatasi tu. Tega kikombe chini ya tundu la kwanza na kingine chini ya tundu la mwisho. Kikombe cha mwisho kikipata nusu tu, mpira ni mrefu mno au tuta halikulazwa sawasawa. Kila juma fungua ncha za mipira, uchafu utoke.

Mtu atauliza: Kwa nini nisiweke kile chombo kizungukacho na kurusha maji juu, kama tuonavyo katika nyumba kubwa? Jibu ni kwamba chombo hicho chataka msukumo. Kimo cha meta 10 ndicho chatoa msukumo wa bari 1. Pipa la kimo cha meta 1 latoa sehemu moja tu ya kumi. Vyombo vingi vya kurusha maji vyataka bari 2 hivi. Matone huridhika na msukumo mdogo.

Tena kuna saa ndogo za betri zifunguazo koki zenyewe. Ni nzuri mahali ambapo maji hayakatiki. Lakini mtaani ambapo maji huja usiku tu, saa itafungua bomba tupu, na mwenye bustani ataamka akidhani kazi imefanyika. Hapo yafaa zaidi pipa lenye koki ya boya: maji yakija usiku lajaa, likijaa lajifunga, na asubuhi mtoto afungua koki moja tu.

Mambo mawili yahusu afya, tena ni makubwa. La kwanza: pipa lifunikwe vizuri sana. Mbu hutaga ndani ya maji yaliyotulia, na kwa muda wa siku 10 hivi mayai yamekwisha kuwa mbu warukao. La pili, ambalo wengi hawalijui: usiache ncha ya mpira imezama ndani ya pipa au ndani ya dimbwi la bustani. Maji ya mtaani yakikatika, bomba huweza kuvuta kurudi nyuma, nayo maji machafu yaingie katika bomba lile lile ambalo watoto wanywea. Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya mdomo wa bomba na maji ya pipa.

Na uwanja wa ukoka mbele ya nyumba? Uwanja wa meta 10 kwa 10 wataka lita 500 kwa siku, ndizo bidoni 25: zaidi ya mboga zote za jamaa tuliyoitaja. Twasema waziwazi: jirani akipanga foleni kwa bidoni moja, haifai kumwagia majani yasiyolika. Ukoka haufi upesi; hulala, ukawa wa manjano, na mizizi yake yangoja mvua. Mvua zitakaporudi, utachipuka tena. Ukitaka kubakiza kipande kibichi ili watoto wachezee, kipe maji ya kusuuzia nguo. Maji hayo usiyamwage juu ya mboga zinazoliwa mbichi.

Basi, mababa na mamama wa jamaa, Jumamosi hii chukueni bidoni na kamba ya kupimia. Pimeni matuta, hesabuni lita, kisha muulizane wenyewe ni nani azibebaye sasa, na saa ngapi. Hapo ndipo mtajua pipa na mipira vyawagharimu kiasi gani kwa kweli, na kukosa kuvinunua kwamgharimu nani.