Kura ya Kujitenga na Wajibu Wetu

Wasomaji wetu wengi watakumbuka mwezi wa Januari 2011. Kwa muda wa siku saba, tangu tarehe 9 hata tarehe 15, ndugu zetu wa Sudan Kusini walipiga kura kuamua jambo moja tu: wabaki katika nchi moja na wenzao wa Kaskazini, au wajitenge wawe na dola yao wenyewe. Kwa kuwa wengi wao hawakupata kusoma, karatasi ya kura ilichorwa picha mbili. Mikono miwili iliyoshikana ilikuwa alama ya umoja. Mkono mmoja ulioinuliwa ulikuwa alama ya kujitenga. Kura zilipohesabiwa, watu zaidi ya milioni 3.7 walikuwa wamechagua mkono mmoja. Waliochagua mikono miwili hawakufika 45,000. Katika kila watu mia, karibu tisini na tisa walisema: Twaondoka.

Tumeikumbuka kura hiyo kwa sababu ya mazungumzo tuliyoyasikia katika msimu mmoja wa pamba, kwenye kituo cha ununuzi wilayani Bariadi. Wakulima walikuwa wameketi kando ya mizigo yao wakingoja zamu ya mzani. Kijana mmoja, akiisha kumwamkia mzee aliyekuwa karibu naye, akauliza: "Babu, Wasudan waliulizwa kama wanautaka muungano wao. Mbona sisi hatujaulizwa juu ya wetu?" Mzee akamkemea: "Nyamaza, mjukuu wangu. Maneno hayo ndiyo yanayovunja nchi." Kijana akanyamaza, na kazi ya mzani ikaendelea.

Mzee yule ni mwanachama wa siku nyingi, na mapenzi yake kwa nchi hii hatuyatilii shaka hata kidogo. Walakini swali la mjukuu wake halikujibiwa. Na swali lisilojibiwa halifi. Hutoka likaenda kumtafuta mtu mwingine wa kulijibu, na pengine mtu huyo hana nia njema. Kwa hiyo twaona yafaa tulijibu hapa, mbele ya wanachama wote.

Kwanza, tutazame jinsi watu walivyoipokea kura ile ya Sudan. Mjini Juba watu walipanga mistari kabla ya mapambazuko, na matokeo yalipotangazwa walicheza ngoma na kulia kwa furaha. Serikali ya Khartoum iliyakubali matokeo, na Rais Omar al-Bashir mwenyewe alihudhuria sherehe za uhuru tarehe 9 Julai 2011. Hapa kwetu maneno yalikuwa ya namna mbili. Wako waliosema: Heri, wanyonge wamejikomboa. Na wako waliosema: Ole wetu, Afrika imeanza kukatwa vipande vipande.

Maneno hayo mawili yote yana asili katika historia yetu wenyewe. Mwezi wa Julai 1964, viongozi wa Afrika walipokutana Cairo, waliazimia kuheshimu mipaka iliyoachwa na wakoloni, na Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele katika kulitetea azimio hilo. Miaka minne haikutimia, na tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, iliyokuwa imejitenga na Nigeria. Wengi walishangaa. Je, Mwalimu aligeuka? Hakugeuka. Hoja yake ilikuwa kwamba umoja hujengwa juu ya ridhaa ya watu, na kwamba dola ipo kwa ajili ya kuwalinda watu; ikiwa watu wa sehemu moja wamefika mahali pa kuamini kwamba dola hiyo haiwalindi tena, umoja hauwezi kurudishwa kwa risasi. Biafra ilishindwa Januari 1970, lakini hoja ile haikushindwa. Mtu aweza kupenda umoja kwa moyo wote na bado akakiri kwamba umoja bila ridhaa ni kongwa.

Basi watu wa Sudan Kusini walikosa ridhaa kwa sababu gani? Hawakuamka asubuhi moja wakauchukia umoja. Vita vyao vya kwanza vilianza mwaka 1955, kabla hata Sudan haijapata uhuru wake wa Januari 1956. Mwaka 1972 yalifanyika mapatano Addis Ababa, wakapewa madaraka ya kujiendeshea mambo yao. Mwaka 1983 Rais Nimeiri aliyavunja mapatano hayo, akaigawa Kusini sehemu tatu na kutangaza sheria ya dini moja kwa nchi nzima. Vita vikaanza tena, vikadumu zaidi ya miaka ishirini. Na jambo la kuzingatia sana ni hili: John Garang, aliyewaongoza wapiganaji wa Kusini, hakuwa akihubiri kujitenga. Alitaka Sudan mpya, moja, yenye haki kwa wote. Mapatano ya amani yaliyotiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005 yaliwataka viongozi wa pande zote mbili waufanye umoja uvutie. Wakapewa miaka sita ya kazi hiyo. Garang alikufa katika ajali ya helikopta mwezi Julai mwaka huo huo, na miaka sita ikapita bila umoja kupata sura ya kuvutia. Kwa hiyo kura ya mwaka 2011 ilikuwa mstari wa mwisho wa hesabu iliyoandikwa kwa muda mrefu. Anayemlaumu mpiga kura, na hataki kusoma mistari ya juu, hajui hesabu.

Huo ni upande mmoja. Haki yatutaka tutazame na upande wa pili, yaani yaliyofuata baada ya ngoma. Mafuta mengi ya Sudan yalikuwa Kusini, lakini bomba la kuyapeleka baharini lilipita Kaskazini. Januari 2012 wakagombana juu ya malipo, na Kusini wakafunga visima vyao wenyewe. Desemba 2013 vita vilizuka Juba kati ya viongozi wale wale waliosimama pamoja siku ya bendera, Rais Salva Kiir na Riek Machar. Hadi mapatano ya Septemba 2018, mamilioni ya watu walikuwa wamekimbia makwao. Watawala wa Khartoum walikuwa wameondoka, lakini ukabila, tamaa ya mali na bunduki mikononi mwa wenye hasira vilibaki. Kura ilibadili mpaka, haikubadili mioyo.

Tena, nchi ile iliyotoka katika muungano mmoja haikukaa peke yake. Mwezi wa Machi 2016, wakuu wa nchi walipokutana Arusha, Sudan Kusini ilikubaliwa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na vita vilipozuka Khartoum Aprili 2023, mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Kusini kutafuta usalama. Mkono mmoja ulioinuliwa haukukaa hewani. Ulishuka ukatafuta mikono mingine ya kushika.

Wala msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya Waafrika tu. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura juu ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Asilimia 51.9 walisema watoke, na 48.1 walisema wabaki. Siku ya pili Waziri Mkuu David Cameron akatangaza kujiuzulu. Watu zaidi ya milioni nne walitia sahihi kuomba kura irudiwe. Skoti, ambako wengi walitaka kubaki, walilalamika kwamba wamebebwa kwa nguvu. Iliwachukua hata tarehe 31 Januari 2020 kutoka, wakiwa wamekwisha kubadili mawaziri wakuu mara mbili. Wengi walipiga kura bila kuelezwa kutoka maana yake nini. Na kura isiyoelezwa huzaa ugomvi, ajapokuwa mshindi amepatikana kwa halali.

Sasa turudi kwa kijana wetu wa Bariadi. Swali lake ni la kweli. Hati za Muungano zilitiwa sahihi na Mwalimu Nyerere na Mzee Karume tarehe 22 Aprili 1964, na Muungano ukaanza tarehe 26. Wananchi wa Tanganyika na Zanzibar hawakupigiwa kura. Agosti 1993 Bunge lilikubali hoja ya kuunda serikali ya Tanganyika, na mwaka uliofuata hoja hiyo ikaachwa. Baadaye Tume ya Jaji Warioba ilizunguka nchi nzima kuchukua maoni, na katika rasimu zake za mwaka 2013 ikapendekeza serikali tatu. Bunge Maalum lililokutana Dodoma mwaka 2014 liliamua kubaki na mbili. Na Kamati ya Uandishi ya Bunge hilo iliongozwa na Ndugu Andrew Chenge, aliyekuwa Mbunge wa Bariadi Magharibi. Kwa hiyo hakuna mtu wa Simiyu awezaye kusema kwamba jambo hili ni la watu wa pwani. Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa Oktoba 2014, na kura ya wananchi ikawekwa iwe tarehe 30 Aprili 2015. Ikaahirishwa, kwa kuwa uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa haujakamilika. Haijapigwa tangu siku hiyo.

Kura hiyo ilikuwa ya Katiba, wala haikuwa ya kuvunja Muungano. Lakini ndiyo ingekuwa mara ya kwanza kwa mkulima wa Bariadi na mvuvi wa Pemba kuulizwa siku moja, kwa karatasi moja, juu ya sura ya nchi yao. Chama chetu kiliiunga mkono Katiba ile. Twaamini katika serikali mbili, na twaamini katika Muungano. Basi tuna sababu gani ya kuliogopa swali? Anayeamini jibu lake hamkemei muulizaji.

Watu wa Simiyu wanajua jambo moja juu ya mipaka. Mkoa wao ulizaliwa mwaka 2012, ukikatwa katika Shinyanga na Mwanza. Ofisi zilisogea karibu, na hilo ni jema. Lakini bei ya pamba haikutazama mpaka mpya. Iliendelea kufuata soko la dunia. Mtu akija kuwaambia kwamba kuvunja Muungano kutawaletea neema, na wamwulize: neema hiyo itapita mlango gani? Hali kadhalika, mtu akija kuwaambia kwamba Muungano hauna kasoro hata moja, na wamwulize: mbona mambo ya Muungano yalianza kumi na moja, yakafika ishirini na mawili, na ni nani aliyewaeleza wananchi kila lilipoongezwa?

Wajibu wa mwanachama, basi, ni huu. Katika mkutano wa tawi, kiwandani na kwenye mzani wa pamba, swali la Muungano lijadiliwe kama linavyojadiliwa suala la mbegu na dawa, bila matusi na bila vitisho. Wenye manung'uniko wasikilizwe wakati manung'uniko yangali madogo. Na kura ya Katiba itakapoitishwa, watu waelezwe mapema, kwa lugha wanayoielewa, kila chaguo lina maana gani.

Viongozi wa Sudan walipewa miaka sita ya kuufanya umoja uvutie. Sisi tumejaliwa zaidi ya miaka sitini. Mzee wetu na arudi kwa mjukuu wake, amketishe, amjibu.